Rais mwema: wema upi hasa?

Kaa kijiweni Dar es Salaam, mazungumzo yafike kwa marais, haichukui muda utasikia: "Mzee yule alikuwa mtu mwema, tatizo waliomzunguka." Sentensi hiyo inamsafisha rais na kumlaumu kila mtu mwingine. Ila waliomzunguka waliteuliwa na nani?

Neno "wema" tunalitumia kwa mambo yasiyofanana. Kuna upole: rais anasikiliza, hafokei mtu, anasamehe. Kuna mikono safi: hali rushwa, hajilimbikizii. Na kuna uwajibikaji, yaani kubeba mzigo hata kama kosa si lako. Mtu anaweza kuwa na moja kwa wingi na jingine asiwe nalo kabisa.

Chukua tarehe 22 Oktoba 1966. Wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, wakiwa na mabango, moja likidai enzi ya mkoloni ilikuwa afadhali. Mwalimu Nyerere alikasirika. Waliposema mishahara ya wakubwa ni minono, akakubaliana nao na kukata wa kwake kwa asilimia 20 papo hapo. Kisha akawafukuza chuo, karibu 400, warudi makwao. Hasira moja ilizaa yote mawili: kujinyima mwenyewe na kuwaadhibu vijana waliothubutu kumpinga.

Mikono safi ya Mwalimu haina ubishi, na ilifanya kazi. Azimio la Arusha la 1967 lilipoweka miiko ya uongozi (kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni, asipokee mishahara miwili, asipangishe nyumba), watu waliweza kulichukulia kwa uzito kwa sababu aliyelitangaza aliishi hivyo. Miiko kama hiyo ikitangazwa na mwenye maghorofa ya kupangisha, watu wanacheka.

Lakini uadilifu wa mtu haupimi ubora wa sera yake. Mwaka 1973 iliamriwa kwamba hadi mwisho wa 1976 wananchi wa vijijini wawe wamehamia vijiji vya ujamaa. Mamilioni walihamishwa, wengine kwa nguvu, mahali pengine nyumba zikachomwa ili watu wasirudi. Mashamba yakabaki mbali na makazi. Ukame, bei ya mafuta na vita vya Kagera vilichangia ugumu wa maisha uliofuata, hilo ni kweli, ila miaka ya themanini mwanzoni watu walipanga foleni ya sabuni na sukari chini ya rais ambaye hakuwaibia hata senti. Mimi naona, na wapo watakaonipinga, kwamba usafi wake ulizidisha kosa. Mwizi ukimpinga unajua unapinga wizi. Mtu msafi anayekuhamisha kwa faida yako mwenyewe utamwambia nini? Na aliyesisitiza kusema, kulikuwa na sheria ya kuweka watu kizuizini ya mwaka 1962.

Mzee Mwinyi ni somo jingine. Akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, watuhumiwa wa mauaji huko Shinyanga na Mwanza walikufa mikononi mwa vyombo vya dola. Hakuwa yeye aliyewatesa, wala hakuagiza. Mwaka 1977 akajiuzulu. Wema huo ndio watu walioukumbuka alipoingia Ikulu mwaka 1985. Alifungua milango ya biashara, bidhaa zikarudi madukani, akaitwa Mzee Ruksa. Lakini upole ni kitu tofauti na uwajibikaji. Mwaka 1990 alishika fagio la chuma, akawataka mawaziri wote wajiuzulu, kisha akaliunda upya baraza. Bado misamaha ya kodi ilitolewa kiholela hadi wafadhili wakazuia misaada mwaka 1994. Serikalini upole wa mkubwa huwanufaisha kwanza walio karibu na mlango wake.

Kinyume chake pia kipo. Lyndon Johnson wa Marekani alikuwa mtu wa matusi na vitisho, lakini ndiye aliyeipitisha sheria ya haki za kiraia ya 1964, kwa vitisho hivyo hivyo.

Basi wema hauna kazi? Unayo, hasa pale ambapo hakuna mtu wa kumlazimisha rais. Mwaka 1985 hapakuwa na uchaguzi ambao Nyerere angeshindwa, wala jeshi lililomtoa. Aliondoka. Kiswahili hakikuwa na neno lililozoeleka kwa kitendo hicho, la mkubwa kuachia kiti kwa hiari, ikabidi alichukue kwenye Kizanaki chake: kung'atuka. Uenyekiti wa chama, hata hivyo, aliushika hadi 1990.