Fangasi wa ngazi ya chini na magonjwa ya mimea

Fangasi wa ngazi ya chini ni wale ambao nyuzi zao hazina kuta za katikati: uzi mzima ni kama mpira wa maji, na viini vya seli vinaelea ndani bila kutengwa. Wengi huzaa spora (chembe za uzazi) zenye vijimkia, nazo huogelea. Kwa spora hizo tone la umande juu ya jani ni bwawa tosha, ndiyo maana magonjwa yao hufuata maji: bakajani chelewa ya viazi na nyanya, ubwiri unyoya wa matango, kinyausi (kuanguka kwa miche) kitaluni.

Kwa kweli hao waogeleaji huitwa fangasi kwa mazoea tu. Kuta za seli zao ni za selulosi kama za mimea, si kitini kama za fangasi halisi, na kiukoo wako karibu na mwani wa kahawia kuliko uyoga. Hili lina gharama shambani, kwani kabendazimu, ambayo wengi huinunua kama "dawa ya ukungu", haiwagusi.

Bakajani chelewa (Phytophthora infestans) ndiyo iliyoteketeza viazi vya Ireland kuanzia 1845. Majani yakiwa yamelowa na joto likiwa chini ya nyuzi 15 za Selsiasi hivi, kifuko kimoja cha spora hupasuka na kutoa spora kadhaa zinazoogelea. Kukiwa na joto zaidi, kifuko chenyewe huchipua. Asubuhi na mapema geuza jani lenye baka la kijani kilichoiva lililolowa: ukiona utando mweupe pembezoni mwa baka, ni yenyewe. Baka kavu lenye miduara ni bakajani tangulia, ambayo husababishwa na fangasi wa ngazi ya juu, yaani wale wenye kuta katikati ya nyuzi zao.

Dhidi ya bakajani chelewa, dawa ya mankozebu hukinga tu, kwa hiyo pulizia kabla baka halijaonekana. Dawa ya metalaksili hupenya ndani ya mmea, lakini kuitumia peke yake mfululizo huzaa usugu; Ulaya ilijionea hilo 1980.

Kwenye kinyausi, shina la mche hulainika usawa wa udongo na mche huanguka. Inua tuta sentimita 15 hadi 20, panda mbegu kwa nafasi, mwagilia asubuhi. Hapa usikimbilie metalaksili: Rhizoctonia, fangasi wa ngazi ya juu, naye huangusha miche vivyo hivyo, na dawa hiyo haimwezi.