Upasuaji wa pili wa kupunguza uzito: yanayosemwa na yaliyo kweli

Anayerudi kliniki baada ya upasuaji usiomridhisha huwa na swali moja mdomoni: sasa nifanyiwe upi? Sisi tunaanzia kwingine: kwa nini wa kwanza haukuzaa matunda? Upasuaji wa pili huwa na maana pale tu sababu inapojulikana na kisu kinaweza kuifikia. Dhana nyingi zilizoenea huruka hatua hiyo.

Dhana: Uzito umeanza kurudi, basi upasuaji umefeli

Uzito hufika chini kabisa kati ya miezi 12 na 24 tangu upasuaji. Baada ya hapo watu wengi hupanda kidogo kisha hutulia. Mwili hupigania uzito wake wa zamani: njaa huongezeka na matumizi ya nguvu hupungua. Kupanda kwa kilo chache mwaka wa tatu ni jambo la kutarajiwa.

Kabla ya kusema umefeli, fanya hesabu. Chukua mtu aliyefanyiwa upasuaji akiwa na kilo 130, akashuka hadi 92, na leo ana 104. Alipunguza kilo 38, sawa na asilimia 29 ya uzito wake. Zimerudi kilo 12, yaani karibu asilimia 32 ya alizopunguza. Hata hivyo bado yuko kilo 26 chini ya alipoanzia, ambazo ni asilimia 20 kamili. Mipaka inayotumiwa na wataalamu siku hizi ni hii: kupungua kwa chini ya asilimia 20 ya uzito wa mwanzo ni matokeo hafifu, na kurudi kwa zaidi ya asilimia 30 ya kilichopungua ni kurudi kwa uzito kunakohitaji kushughulikiwa. Mtu wetu amevuka mpaka wa pili kwa chini ya kilo moja. Anahitaji kuchunguzwa, lakini hana dharura ya kupasuliwa. Kama shinikizo la damu na kisukari chake bado viko sawa, upasuaji wake unaendelea kufanya kazi ambayo mizani haiioni.

Dhana: Tumbo limetanuka, likikatwa tena mambo yatakaa sawa

Hii ndiyo dhana inayopeleka watu wengi zaidi chumba cha upasuaji bila sababu ya kutosha. Ni kweli tumbo lililopunguzwa hulegea kiasi, na hilo hutokea hata kwa wale ambao uzito wao haukurudi. Ukubwa wa tumbo peke yake hauelezi vizuri nani atanenepa tena.

Kuna kasoro za kimaumbile zinazostahili kutafutwa, nazo hutofautiana kwa aina ya upasuaji. Kwenye slivu, ambapo takriban robo tatu au zaidi ya tumbo huondolewa likabaki mrija, tunaangalia kama sehemu ya juu iliachwa kubwa tangu siku ya kwanza. Huko ndiko grelini, homoni ya njaa, hutengenezwa kwa wingi. Kwenye baipasi, ambapo sehemu ya juu ya tumbo hutengwa iwe kijifuko na kuunganishwa na utumbo, tunaangalia kijifuko hicho, ambacho huanza na ujazo wa mililita 30 hivi, na kiungo kati yake na utumbo. Kiungo kikizidi sentimita 2, chakula hupita upesi na shibe haikai. Tunatafuta pia fistula, yaani njia iliyojifungua kati ya kijifuko na tumbo la zamani, chakula kikawa kinarudi kilikofungiwa. Fistula huleta pia asidi na vidonda, kwa hiyo hata bila habari ya uzito inahitaji kutibiwa.

Vipimo vinavyofichua haya ni viwili, na kila kimoja huona kisichoonwa na mwenzake. Endoskopi, yaani kamera inayopitishwa mdomoni, huonyesha vidonda, upana wa kiungo na hali ya umio. Eksirei ya kunywa bariamu huonyesha umbo na jinsi chakula kinavyotiririka. Daktari anayepanga kukata tena bila hata kimoja anakisia.

Na pale vipimo vinapotoka safi? Mara nyingi ndivyo inavyokuwa, na hapo jibu liko nje ya tumbo. Tunauliza kuhusu dawa: steroidi, insulini, olanzapini, mirtazapini, amitriptilini, valproeti. Yoyote kati ya hizi inaweza kupandisha uzito, na nyingi zina mbadala, ila zisiachwe bila daktari aliyeziandika. Tunapima thairoidi. Tunauliza kuhusu pombe, usingizi, huzuni na kula kusikozuilika. Halafu kuna kudokoadokoa: biskuti mbili saa nne, kipande cha chokoleti saa sita, juisi mchana kutwa. Hakuna upasuaji wa kupunguza tumbo unaozuia kinywaji chenye sukari, kwa sababu hakikai tumboni kiasi cha kushibisha.

Wale wanaosambaza mpango wa siku tano za vinywaji vitupu eti "kurudisha tumbo dogo" wanauza matumaini. Uzito unaopungua ni wa maji na chakula kilichokosekana. Tumbo halirudi udogo wake.

Dhana: Bendi ikikazwa zaidi itafanya kazi

Bendi ni pete inayojazwa maji, iliyofungwa sehemu ya juu ya tumbo. Iliyokazwa kupita kiasi hufanya kinyume. Nyama na mboga hukwama na kutapikwa, aiskrimu na chokoleti huteleza bila shida. Mgonjwa anajikuta anakula laini na tamu kwa sababu ndivyo pekee vinavyopita, na uzito unapanda huku akitapika kila siku. Hatua ya kwanza ni kuitoa maji kwa sindano, kuuacha umio upumzike, kisha kupiga picha kuona kama bendi imeteleza au imeanza kula ukuta wa tumbo. Ikiwa imeteleza au imekula ukuta, hutolewa. Iliyokula ukuta haibadilishwi kuwa baipasi siku hiyohiyo: kwa kawaida husubiriwa miezi 3 au zaidi tishu zipone.

Dhana: Wa pili utashusha uzito kama wa kwanza

Kwa kawaida hautashusha. Ahadi zinazotolewa hapa zimezidi.

Kubadilisha slivu kuwa baipasi ni tiba nzuri ya asidi kupanda. Mtu anayelala ameketi kwa ajili ya kiungulia, au ambaye umio wake umeanza kuharibika, ana sababu thabiti. Kama shida ni uzito peke yake, matokeo huwa ya wastani, na ni vyema ajue hivyo kabla ya kutia saini. Kukata slivu iwe nyembamba zaidi hatukupendi: shinikizo ndani ya mrija huongezeka, na pamoja nalo kuvuja na kiungulia.

Njia zinazoruka sehemu kubwa ya utumbo mwembamba hushusha uzito zaidi, na bei yake hulipwa maisha yote. Vivyo hivyo kurefusha baipasi iliyopo. Utumbo unaobaki kupitisha chakula ukiwa mfupi mno, protini na vitamini havifyonzwi: miguu inavimba, nywele zinanyonyoka, mtu anaenda chooni mara nyingi kwa siku. Wapasuaji makini hupima utumbo wote kwanza, na wengi huhakikisha hazipungui sentimita 400 kwenye njia ya chakula. Anayechagua njia hizi akubali protini ya gramu 80 hadi 120 kila siku, kalsiamu ya miligramu 1,800 hadi 2,400, vitamini A, D, E na K, na vipimo vya damu bila kukosa. Ambaye hata multivitamini ya upasuaji wa kwanza ilimshinda, kwake hili ni hatari kuliko unene.

Kwa baipasi yenye kiungo kilichopanuka ipo njia nyepesi: kukishona kwa kutumia endoskopi kibaki na upana wa kama sentimita 1. Hakuna kidonda cha nje, na uzito hupungua kwa kiasi.

Dhana: Hatari ni ileile, tumbo ni lilelile

Tumbo si lilelile. Makovu huligandisha kwenye ini na kuficha mipaka, mishipa mingine ya damu imeshakatwa, na pini mpya hupita juu ya tishu ngumu ambazo hazishikani vizuri. Ndiyo maana kuvuja, kutokwa damu na kurudishwa chumba cha upasuaji hutokea zaidi mara ya pili. Uliza daktari amefanya upasuaji wa marudio wangapi, wa aina gani, na wangapi walivuja. Anayekasirishwa na swali hilo amekujibu.

Sigara iachwe angalau wiki 6 kabla, na isirudiwe, kwani vidonda kwenye kiungo huipenda. Upungufu wa madini ya chuma, B12, vitamini D na protini urekebishwe kwanza. Na itafutwe ripoti ya upasuaji wa kwanza. Hatumaanishi karatasi ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Tunataka maelezo ya chumba cha upasuaji: mrija wa kupimia upana wa slivu ulikuwa wa saizi gani, utumbo uliunganishwa sentimita ngapi, kulikuwa na ngiri ya kiwambo au la. Bila ripoti hiyo, mpasuaji atayajua baada ya kufungua.

Dhana: Kutumia sindano baada ya upasuaji ni kukubali kushindwa

Semaglutidi, tirzepatidi na liraglutidi, yaani dawa za sindano za kupunguza uzito, hufanya kazi pia kwa waliokwishapasuliwa. Utafiti wa London uliochapishwa mwaka 2023 uliwapa watu 70 waliopungua kidogo baada ya upasuaji liraglutidi au sindano isiyo na dawa. Baada ya wiki 24 wenye dawa walipungua karibu asilimia 9 ya uzito, wenzao chini ya asilimia 1. Pasipo kasoro ya kimaumbile, kwa maoni yetu dawa zitangulie kisu. Zina mapungufu yake: zikiachwa uzito hurudi, na huchelewesha tumbo kujimwaga, hivyo mtaalamu wa dawa ya usingizi aambiwe kabla ya endoskopi au upasuaji.

Dhana: Dalili zote zisubiri miadi ya upasuaji wa pili

Kutapika mfululizo kwa siku kadhaa humaliza tiamini, yaani vitamini B1, na ubongo unaweza kudhurika bila kupona tena. Kuona vitu viwiliviwili, kuyumba au kuchanganyikiwa kunataka tiamini ya mshipa kabla ya dripu ya sukari. Aliyefanyiwa baipasi akishikwa na maumivu makali ya tumbo yanayokuja na kuondoka, huenda utumbo umejinyonga kwenye ngiri ya ndani, na kipimo cha damu kinaweza kutoka cha kawaida. Choo cheusi kama lami ni damu. Yote matatu ni ya kwenda hospitali siku hiyohiyo, na la kwanza kumwambia daktari wa zamu ni aina ya upasuaji uliofanyiwa.