Je, wajua kwa nini modemu ilipiga kelele kabla ya kuunganisha kompyuta?

Aliyetumia intaneti ya simu ya mezani miaka ya 1990 hajaisahau sauti ya modemu, kifaa kilichounganisha kompyuta na laini ya simu. Mlio wa laini, namba zikijipiga haraka haraka, simu ya upande wa pili ikiita, mluzi mrefu, kisha mkwaruzo kama wa redio iliyopoteza stesheni. Wengi walidhani ni kasoro ya mashine za zamani. Kumbe spika ya modemu iliwekwa makusudi, ili anayepiga asikie laini inafanya nini. Mtu aliyezoea alijua tatizo liko wapi hata kabla ya kusoma skrini.

Laini ya simu ilijengwa kwa ajili ya koo na sikio la binadamu. Hupitisha mitetemo ya kati ya hezi 300 na 3400 hivi, na ya nje ya hapo hukatwa. Umeme wa kompyuta, wa 0 na 1, haupiti hivi hivi kwenye mlango huo mwembamba, kwa hiyo modemu huzigeuza tarakimu kuwa milio, na mwenzake huirudisha milio kuwa tarakimu. Chukua Bell 103, modemu ya kampuni ya simu ya Marekani AT&T, ya mwaka 1962. Anayepiga alitumia hezi 1270 kwa 1 na 1070 kwa 0, anayepokea 2225 na 2025. Milio haikugongana, hivyo wote wawili walisema kwa wakati mmoja, kwa biti 300 kwa sekunde, sawa na herufi 30 tu.

Sasa hitilafu. Unaandika ATDT, amri ya kuiambia modemu ipige, na namba ya kompyuta ya mbali. (Amri hizi za AT zilianza na Hayes Smartmodem ya 1981, watengenezaji wengine wakaziiga.) Ukisikia kimya na skrini ikaandika NO DIALTONE (hakuna mlio wa laini), kompyuta iache kwanza. Chomoa waya, uchomeke kwenye simu ya kawaida, usikilize. Kama nayo iko kimya, laini imekufa. Kama inalia, huenda waya uliingia tundu lisilo lake nyuma ya modemu, au swichibodi ya ofisi ina mlio ambao modemu haiutambui. Hapo amri ya ATX3 iliiambia modemu ipige bila kuusubiri. Na ukisikia "Haloo? Haloo?" badala ya mluzi, umekosea namba: inua simu umwombe radhi aliyepokea.

Penye utamu ni mluzi wenyewe. Mlio huo wa hezi 2100 ulizungumza na modemu iliyopiga, na pia na mitambo ya simu iliyoko njiani. Simu za masafa marefu zilikuwa na vifaa vya kuzuia mwangwi, vilivyonyamazisha upande mmoja wakati mwingine ukisema. Kwa watu ni msaada, kwa modemu zinazosema pamoja ni balaa. Mluzi uliviamuru vijizime. Mkwaruzo uliofuata ulikuwa ni kupimana: laini ina uchafu kiasi gani, tukubaliane kasi ipi. Ukisikia mkwaruzo unaanza upya mara kwa mara kisha NO CARRIER (modemu hazikuunganika), laini haibebi kasi inayotafutwa. Dawa ni kushusha kasi kwa mkono, na kwa simu ya nchi ya mbali, kuongeza muda wa kusubiri kwenye rejista ya S7, mahali modemu ilipohifadhi muda huo.

Umeunganishwa, lakini skrini imejaa takataka? Angalia zinavyokuja. Takataka za hapa na pale ni kelele za laini. Zikifuata utaratibu, laini haina kosa: upande mmoja unatuma biti 7 na pariti shufwa (biti ya ziada inayofanya idadi ya 1 iwe shufwa), mwingine unasoma biti 8. A itatokea sawa, kwa sababu ina 1 mbili, lakini C yenye 1 tatu itaharibika kila mara. Rekebisha mpangilio wa programu, usimsumbue fundi wa simu.

Haya hayakuwa ya Marekani tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, barua pepe za mashirika yasiyo ya kiserikali zilitoka ELCI, kituo cha mambo ya mazingira jijini Nairobi, hadi GreenNet, mtandao wa kompyuta wa mashirika mjini London, kwa simu za kimataifa, kwa kutumia FidoNet, mfumo wa kompyuta kupigiana simu na kupelekeana ujumbe. Kwa simu ya gharama hiyo, kukatika katikati kuliuma. Ndiyo maana nathamini sana Zmodem ya 1986, njia ya kutuma mafaili iliyoweza kuendelea pale ilipoachia badala ya kuanza moja.

Kwa kawaida spika ilinyamaza modemu zikishakubaliana. Aliyekuwa akisaka hitilafu iliyojificha aliandika ATM2 ili isinyamaze, akakaa akisikiliza data yenyewe ikipita. Mtu akiinua simu ya chumba cha pili, mlio ulibadilika papo hapo, na herufi zikaanza kuharibika kwenye skrini.