Je, wajua kwa nini milima ya Wacherokee huonekana ikitoa moshi wa buluu?

Mgeni anayepanda hadi Kuwohi, kilele chenye urefu wa mita 2,025 kwenye mpaka wa North Carolina na Tennessee nchini Marekani, huona safu za milima zikifuatana nyuma ya utaji wa buluu. Kwa lugha ya Wacherokee, wenyeji wa asili wa milima hiyo, jina Kuwohi lina maana ya mahali penye miforsadi. Ramani za serikali zilipaita Clingmans Dome, kwa jina la mwanasiasa mmoja, hadi jina la asili liliporudishwa Septemba 2024. Utaji huo ndio ulioipa safu nzima jina la Great Smoky, yaani yenye moshi.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba ni ukungu. Kosa hilo lina udhuru, kwa kuwa asubuhi ukungu halisi hujaa mabondeni; lakini ukungu ni matone ya maji, ni mweupe, na jua likipanda hutoweka, ilhali buluu hubaki hata mchana wa kiangazi. Nilipoachana na ukungu nikaangukia kosa la pili, la kudhani ni moshi wa viwanda, na hili ni gumu zaidi kung'oka kwa sababu lina ukweli kidogo ndani yake.

Chanzo kikuu ni miti. Ukiminya ganda la chungwa, harufu inayokurukia puani ni terpini, na misonobari hutoa gesi za jamii hiyohiyo. Mialoni hutoa isoprini, hasa kukiwa na joto. Zikikutana na ozoni na mwanga wa jua, gesi hizo hubadilika, huwa nzito, kisha huganda kuwa chembe ndogo kuliko mawimbi ya mwanga. Chembe za kiasi hicho hutawanya buluu kuliko nyekundu, kama moshi wa udi unaopaa kutoka kwenye chetezo mbele ya ukuta mweusi: unaonekana wa buluu, ingawa hauna rangi hiyo. Mtazame pia mvuta sigara. Moshi wa kwenye ncha ni wa buluu, lakini ule anaoupuliza ni mweupe, kwa kuwa chembe zake zimenyonya unyevu wa mapafu zikavimba, na chembe kubwa hutawanya rangi zote pamoja. Salfeti, yaani chembe za salfa zitokanazo na makaa ya mawe yanayochomwa kwenye mitambo ya umeme, hunyonya unyevu wa hewa vivyo hivyo, ndiyo maana utaji wa uchafuzi huelekea weupe.

Hata hivyo, hewa tupu nayo hutawanya buluu, kwa hiyo miti haistahili sifa yote. Isitoshe, vipimo vya mwaka 2013 katika kituo cha Look Rock, upande wa magharibi wa hifadhi ya taifa ya milima hiyo, vilionyesha kwamba salfeti huisaidia isoprini kugeuka chembe. Kila siku ya tatu vichujio, kimojawapo kipana kama sarafu, hunasa hewa ya saa 24 kituoni hapo, na juu yake pumzi ya mialoni na ya mitambo ya umeme hulala pamoja hadi maabara izitenganishe.