Je, wajua kwa nini namba 192 kwenye amplifaya haiongezi utamu wa muziki?

Amplifaya za bei nafuu zenye kigeuzi cha dijitali ndani yake, kama Yamaha A-S301 na Marantz PM6007, hutajwa kuwa zinapokea sauti ya biti 24 na kilohezi 192. CD, tangu ilipoingia sokoni mwaka 1982, ni biti 16 na kilohezi 44.1. Mnunuzi hupiga hesabu ya haraka: 192 ni zaidi ya mara nne ya 44.1, basi na sauti itakuwa safi mara nne. Hesabu ni sahihi, lakini sauti haiendi hivyo.

Kigeuzi hupokea namba kutoka kwenye runinga au kompyuta na kuzirudisha kuwa umeme unaopanda na kushuka, ambao amplifaya huukuza hadi usukume spika. Kwa CD, namba hizo ni vipimo vya wimbi vilivyochukuliwa mara 44,100 kila sekunde, yaani kilohezi 44.1, na kila kipimo kimeandikwa kwa biti 16.

Kinachopotosha watu ni mchoro. Wimbi la CD huchorwa kama ngazi yenye vidato vikubwa, na la kilohezi 192 kama ngazi yenye vidato vidogo, kana kwamba ukiongeza vipimo unaulainisha muziki. Ukweli ni kwamba wimbi linalotoka kwenye kigeuzi halina vidato hata kimoja. Kuna kichujio kinachoondoa mitetemo yote iliyo juu ya nusu ya kasi ya upimaji, na kona za vile vidato ndizo mitetemo yenyewe inayoondolewa.

Lakini kichujio kinajuaje wimbi lilipita wapi kati ya kipimo kimoja na kingine? Chukua karatasi, weka nukta tatu zisizo kwenye mstari mmoja. Duara linaloweza kupita kwenye zote tatu ni moja tu. Ongeza nukta ya nne, ya kumi, ya mia juu ya duara hilohilo: halitakuwa la mviringo zaidi, maana lilikwishajulikana. Wimbi nalo ni hivyo. Mwaka 1949 mwanahisabati Mmarekani Claude Shannon alichapisha uthibitisho kwamba wimbi ambalo mitetemo yake yote iko chini ya nusu ya kasi ya upimaji lina njia moja tu ya kupita kwenye vipimo vyake. Nusu ya 44.1 ni 22.05, na sikio la binadamu, hata la kijana, huishia karibu na kilohezi 20. Kilohezi 192 hufungua nafasi hadi 96, na huko wasikilizaji ni popo.

Majaribio hayajafunga mjadala kabisa. Mwaka 2007 watafiti Meyer na Moran walichapisha jaribio ambalo wasikilizaji hawakuweza kutofautisha rekodi za viwango vya juu na zilezile zilizopitishwa kwenye kiwango cha CD. Mwaka 2016 mtafiti Joshua Reiss alijumlisha tafiti 18 akapata majibu sahihi asilimia 52.3, pale ambapo kubahatisha tu hukupa 50. Kama tofauti ipo, ni ndogo mno kuilipia.

Afadhali uangalie spika zako kwanza. Spika ikizidi nyingine kwa desibeli 3 kwenye kipimo cha usikivu, yaani ukubwa wa sauti inayotoa kwa wati zilezile, ni sawa na kuongeza wati maradufu, ilhali kutoka wati 45 za PM6007 hadi 60 za A-S301 unapata desibeli 1 na kidogo tu. Kisha kagua matundu ya nyuma ya amplifaya. Hizo mbili zina la waya wa mwanga na la koaksia, ila hazina tundu la USB la kuchomeka kompyuta. Ukiunganisha runinga kwa waya wa mwanga, ingia kwenye mipangilio yake ya sauti uchague PCM, yaani sauti ya namba ambayo haijabanwa. Ukiiacha kwenye Dolby, ambayo ni sauti iliyobanwa kwa mfumo maalumu, amplifaya hizi haziwezi kuisoma na hutasikia muziki.

Na kama unanunua iliyotumika kutoka Japani, igeuze usome volti zilizoandikwa nyuma. Iliyotengenezwa kwa soko la huko hutumia volti 100; ukiichomeka kwenye 230 za Tanzania au 240 za Kenya bila transfoma ya kushusha umeme, utaiunguza.