Kwotabeki wa akiba: kwa nini wengi wao huwa makocha

Katika mpira wa Kimarekani, kwotabeki ndiye anayeongoza mashambulizi: hupokea mpira, kisha huamua aurushe, ampe mwenzake au akimbie nao mwenyewe. Akiwa mzima na anacheza vizuri, hatolewi. Kwa hiyo kwotabeki wa akiba anaweza kusugua benchi msimu mzima.

Mashabiki wengi humwona ni mchezaji aliyeshindwa. Sikubaliani nao hata kidogo. Mazoezini, kabla ya mechi, yeye ndiye huigiza kwotabeki wa wapinzani ili mabeki wa timu yake wajiandae, hivyo kila wiki anajifunza mbinu za timu nyingine juu ya zile za kwao. Siku ya mechi husikiliza maelekezo ya kocha kwa kifaa cha sikioni na kuangalia mabeki wa upande wa pili wamejipangaje. Kwotabeki mwenzake akirudi benchi, wanakaa kupitia picha za shambulizi lililopita. Huo tayari ni ukocha, ila hajapewa cheo.

Gary Kubiak alikuwa akiba wa kwotabeki John Elway pale Denver Broncos kwa misimu tisa, kisha akarudi kama kocha mkuu na kutwaa Super Bowl, fainali ya ligi kuu ya Marekani, Februari 2016.

Doug Pederson ndiye mfano ninaoupenda zaidi. Alikuwa akiba wa Brett Favre pale Green Bay Packers, na mwaka 1999 Philadelphia Eagles walimpa mechi tisa tu kabla ya kumpisha kijana Donovan McNabb. Alipostaafu alianza kufundisha timu ya sekondari huko Louisiana. Mwaka 2016 Eagles walimfanya kocha mkuu, na msimu uliofuata kwotabeki wake namba moja, Carson Wentz, akaumia goti. Ikabidi aingie Nick Foles, wa akiba.

Fainali ilikuwa tarehe 4 Februari 2018, dhidi ya New England Patriots. Zikiwa zimebaki sekunde 38 kabla ya mapumziko, Eagles walikuwa yadi moja kutoka mstari wa goli, na hilo ndilo jaribio lao la mwisho kati ya manne ambayo timu hupewa. Foles alisogea pembeni ya uwanja akapendekeza mchezo wa hila. Pederson akafikiri kidogo, akakubali. Mpira ukamwendea Corey Clement, akampa Trey Burton, na Burton akamrushia Foles mwenyewe, aliyekuwa peke yake kabisa. Mabeki walikuwa wamemsahau.

Eagles walishinda 41-33, Super Bowl yao ya kwanza. Aliyesimamia mashambulizi chini ya Pederson alikuwa Frank Reich, naye akiba wa miaka mingi, ambaye Januari 1993, Jim Kelly akiwa majeruhi, aliitoa Buffalo Bills nyuma kwa 35-3 ikashinda 41-38. Wiki moja baada ya fainali ya 2018, Indianapolis Colts walimchukua awe kocha wao mkuu.