Meli ya chuma siyo lazima iwe na injini jamani

Kila nikitaja meli za matanga za chuma za karne ya 19 lazima atokee mtu aulize zilikuwa na boila ngapi. Hazikuwa na boila la kuziendesha! Bodi chuma, milingoti chuma, kamba za kushikilia milingoti waya, halafu kinachosukuma ni upepo mtupu. Watu wamekaririshwa kwamba mfereji wa Suez ulipofunguliwa 1869 stima (meli za mvuke) zikapata njia fupi na matanga yakafa papo hapo, wakati Wavertree, meli ya matanga ya chuma, imeundwa Southampton 1885, milingoti mitatu, ikaanza na kazi ya kubeba juti (nyuzi za magunia) toka Bengal kupeleka Scotland.

Hesabu ni ndogo tu. Stima inakula makaa, makaa yanakula nafasi ya mzigo, na wachochea moto nao wanataka mshahara. Mzigo usio na haraka unaupa matanga. Tena makaa mengi ya stima kwenye bandari za mbali yalipelekwa na hizihizi za matanga, hapo ndo watu hawaamini kabisa.

Ila kinachoniudhi zaidi, maana kazi yangu ni matumbo ya meli, yaani sehemu inayozama majini, ni mtu anayesema chuma kilimaliza shida za mbao. Kilimaliza minyoo ya kutoboa mbao, sawa, na kuvuja kukapungua. Lakini meli ya mbao ilikuwa inavishwa shaba chini, na shaba haipandwi na mwani kirahisi. Chuma hukivishi shaba hivihivi, vikigusana kwenye maji chumvi chuma kinaliwa mpaka unakitoboa kwa nyundo. Kwa hiyo umebaki na rangi, na rangi za enzi zile zilichoka mapema. Sasa meli imetia nanga Iquique, bandari ya Chile, wiki nenda wiki rudi inasubiri magunia ya nitrati (chumvi ya mbolea) yaletwe kwa tishari, haitembei, chini mwani unaning'inia na vijidudu vya baharini vyenye magamba magumu vimeng'ang'ania bodi, halafu nahodha anatoka hivyohivyo kuizunguka Cape Horn, ncha ya kusini ya Amerika Kusini, na leo mtu anasoma siku alizotumia anasema meli ilikuwa nzito! Mimi rekodi ya mwendo siiamini mpaka uniambie ilishuka chelezoni lini, yaani chini ilisafishwa lini.

Wavertree iliumia milingoti huko Cape Horn 1910, wenyewe wakaiuza, ikawa ghala linaloelea Punta Arenas kusini mwa Chile, baadaye tishari la mchanga Buenos Aires, sasa iko New York. Vitabu vinasema imedumu kwa sababu chuma kile cha kufuliwa hakishiki kutu haraka kama feleji (steel). Labda, ila mimi nina wasiwasi na maelezo hayo, mabati ya bodi za zamani yalikuwa manene na kutu ikianza kula bati nene inachelewa kufika upande wa pili.